Marekani: bangi ya dawa imekubaliwa, lakini mwanajeshi wa zamani haipati ku hospitali yake

Kila mara tukizungumuza juu ya bangi ku redio, simu hazikosi. Mumoja anauliza: "Kama Amerika wanaiuza mu maduka, kwa nini huku kwetu wanatufunga juu yake?" Mwengine anasema shemeji yake mwenye kuishi kule alimwambia kwamba askari wenye walitoka vitani wanapewa bangi ya bure na serkali, ili wapate usingizi. Swali la kwanza tutalirudilia mwishoni. Hilo la pili si kweli, na ndani yake muko mambo yenye yanagusa hata ndugu zetu wenye walihamia kule. Njo maana leo tunalieleza polepole.

Kwa kifupi: ku Marekani, majimbo zaidi ya 35 yamekubali bangi kama dawa. Lakini hospitali zenye kutunza wanajeshi wa zamani ni za serkali kuu, na sheria ya serkali kuu inaikataza. Kwa hiyo, mutu mwenye aliumia mugongo vitani anaweza kununua bangi ya dawa mu duka lenye ruhusa ya jimbo lake, bila polisi wa jimbo kumugusa. Lakini muganga wake wa kila siku hawezi kumuandikia hata karatasi moja ya kumusaidia kuipata.

Sheria mbili juu ya mutu mumoja

Huku kwetu gavana wa jimbo hawezi kujitungia kitabu chake cha makosa na azabu. Ku Marekani ni tofauti. Kila jimbo liko na bunge lake, polisi wake, mahakama zake na sheria zake za makosa. Juu ya hiyo yote kuko sheria ya inchi nzima, yenye inapitishwa na bunge la Washington.

Mwaka 1970, bunge hilo lilipitisha sheria juu ya madawa yenye kuchungwa. Iligawanya madawa mu orodha tano. Orodha ya kwanza ni ya vitu vyenye serkali inasema kwamba ni hatari na haviko na faida ya matunzo yenye kukubaliwa. Heroini iko mule. Bangi pia iliwekwa mule.

Kisha, mwaka 1996, wapiga kura wa jimbo la California walikubali kwa kura kwamba mugonjwa anaweza kutumia bangi kama muganga wake anaona itamusaidia. California njo ilikuwa ya kwanza. Majimbo mengine yakafuata, moja moja. Mwaka 2009, New Mexico ilikuwa jimbo la kwanza kuweka kiwewe cha vita, ile yenye wengi wetu tunaita trauma, mu liste ya magonjwa yenye kumupa mutu haki ya karte ya bangi ya dawa.

Watu walifikiri sasa mambo yameisha. Lakini mwaka 2005, Mahakama ya juu ya inchi ilikata neno kwamba serkali kuu ingali na uwezo wa kukataza bangi hata kwa mugonjwa mwenye kufuata sheria ya jimbo lake. Tangu mwisho wa 2014, bunge limekuwa likiweka mu sheria ya bajeti mustari wenye unakataza wizara ya sheria kutumia feza zake kuzuia majimbo kuendesha mipango yao ya bangi ya dawa. Uangalie vizuri: mustari huo haukufuta katazo. Ulifunga tu mufuko wa feza za kulifuatilia. Hivi njo bangi ya dawa inaishi ku Marekani: jimbo linasema ndiyo, serkali kuu inasema hapana, na kila mwaka wanaongeza muda wa kutogombana.

Hospitali ya mwanajeshi wa zamani ni ya nani?

Mutu mwenye alitumikia jeshi la Marekani na akatoka kwa heshima anaweza kutunzwa na wizara yenye kushugulikia wanajeshi wa zamani. Watu wanaiita VA. Ni kazi kubwa sana: karibu watu milioni 9 wamejiandikisha kwa matunzo yake. Iko na hospitali zake, farmasi zake na waganga wenye inalipa yenyewe. Kwa wengi, huyo njo muganga pekee wenye wako naye, kwa sababu matunzo mengine kule ni bei kali.

Sasa, muganga wa VA ni mutumishi wa serkali kuu. Mushahara wake unatoka Washington. Muganga wa kliniki ya kipekee mu muji huohuo anaweza kusaini karatasi ya jimbo na kusema: "Ndiyo, huyu mugonjwa iko na ugonjwa wenye sheria ya jimbo inataja." Yule wa VA haruhusiwi.

Mwezi wa kumi na mbili 2017, VA ilitoa mwongozo wenye unaeleza jambo hili. Tunaweza kuugawanya mu sehemu mbili.

Yenye inaruhusiwa:
- Mwanajeshi wa zamani anaweza kumuambia muganga wake waziwazi kwamba anatumia bangi. Hatapoteza matunzo yake wala malipo yake ya ulemavu kwa sababu hiyo.
- Muganga anaweza kuzungumuza naye juu ya bangi, kumuuliza anatumia kiasi gani, na kuangalia kama haigombani na dawa zingine.
- Muganga anaandika habari hiyo mu kitabu cha mugonjwa, na inabaki siri ya matunzo kama habari zingine za ugonjwa.

Yenye haiwezekane:
- Muganga wa VA hawezi kushauri bangi kama dawa wala kujaza fomu ya jimbo.
- Farmasi ya VA haiwezi kuitoa, na VA haiwezi kuilipia.
- Hakuna mutu anaruhusiwa kuingia nayo mu kiwanja cha hospitali, hata kama iko na karte ya jimbo mu mufuko. Kiwanja kile ni cha serkali kuu.

Sehemu ya kwanza ni ya maana sana, kwa sababu wengi wanaificha. Mutu anaogopa: nikisema, watanikata malipo. Anyamaza. Muganga anamuongezea dawa ya usingizi bila kujua kwamba jioni mutu huyo anavuta bangi pia. Hapo njo hatari inaingia. Mwongozo unasema: sema, hawatakufukuza. Lakini woga wa miaka mingi hauishe kwa karatasi moja.

Kukubaliwa haina maana ya kupewa

Tuseme kuko mutu mumoja, mwanajeshi wa zamani mu jimbo lenye kukubali bangi ya dawa. Maumivu ya mugongo hayamuachi, na usiku anaamuka akipiga kelele. Ku VA anapata dawa kwa bei ndogo, ao bure. Sasa anataka kujaribu bangi. Afanye nini?

Kwanza, anatafuta muganga wa inje na kumulipa mwenyewe, hata kama yule wa VA anamujua tangu miaka kumi. Pili, analipa jimbo juu ya karte. Tatu, analipa dukani, kila mwezi, kutoka mufuko wake, kwa sababu hata asiransi za kipekee hazilipie. Na karte inaisha, analipa tena.

Majimbo mengine yalijaribu kupunguza muzigo huo. Oklahoma ilipanga karte kuwa dola 100, lakini dola 20 tu kwa mwanajeshi wa zamani mwenye ulemavu wa asilimia mia. Illinois iliruhusu wanajeshi wa zamani wenye kutunzwa ku VA kuonyesha kitabu chao cha matunzo, badala ya kutafuta saini ya muganga mwengine. Ni misaada ya kweli, lakini haigusi jambo kubwa: dawa yenyewe inabaki ya kununua.

Na mwenye anaishi mu jimbo lenye limekataza kabisa? Idaho ni moja yao. Mu muji wa Boise muko wakimbizi wengi kutoka Kongo. Ukitoka Boise na gari, kwa karibu saa moja unavuka mupaka wa Oregon na kufika ku muji mudogo wa Ontario, kwenye maduka ya bangi yako wazi. Mutu anaweza kununua kule bila kosa la jimbo. Akirudi nayo nyumbani, amefanya makosa mawili kwa safari moja: Idaho inakataza kuishika, na serkali kuu inakataza kuvuka nayo mupaka wa majimbo.

Je, inaponya kweli?

Hapa tunaomba usome pole, kwa sababu watu wengi wanachanganya vitu viwili: maumivu ya mwili na kiwewe.

Mwaka 2017, wataalamu wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani walikusanya utafiti wote wenye ulikuwapo. Walisema kuko ushahidi wa nguvu kwamba bangi, ao dawa zenye kutoka ndani yake, zinasaidia watu wazima wenye maumivu ya muda mrefu, wagonjwa wa kansere wenye kutapika juu ya matunzo makali, na wenye misuli yao inakaza juu ya ugonjwa wa sklerozi. Kwa kiwewe, walisema ushahidi ni mudogo.

Muganga mumoja wa Arizona, Sue Sisley, alipigana miaka mingi apate ruhusa ya kupima jambo hili kwa wanajeshi wa zamani wenyewe. Serkali kuu ilikuwa inakubali shamba moja tu kutoa bangi ya utafiti, lile la chuo kikuu cha Mississippi, na ruhusa zilikuwa zinapita ofisi nyingi. Jimbo la Colorado lilitoa zaidi ya dola milioni 2 za kusaidia. Matokeo yalitoka mu mwezi wa tatu 2021. Wanajeshi wa zamani karibu 80 waligawanywa: wamoja walivuta bangi ya kweli, wengine walivuta majani yenye yalitolewa nguvu, bila kujua wamepewa gani. Wote walipata nafuu kidogo. Lakini wale wa bangi ya kweli hawakuwashinda wenzao kwa kiasi chenye kinaweza kuitwa ushahidi.

Hiyo haina maana kwamba bangi haifai kitu. Watu walikuwa kidogo, na muda ulikuwa mufupi, wiki tatu tu kwa kila sehemu. Mu mwezi wa kumi na moja 2024, shirika lenye kuchunga dawa na vyakula ku Marekani, FDA, liliruhusu utafiti mukubwa zaidi, wa wanajeshi wa zamani 320, wenye kulipiwa na feza za jimbo la Michigan. Mpaka matokeo ya namna hiyo yapatikane, waganga wa VA wenyewe wako na mwongozo wenye kusema wasitunze kiwewe kwa bangi. Wanashauri kwanza matunzo ya mazungumuzo, yenye mutu anarudilia jambo lenye lilimuumiza pamoja na mutaalamu, polepole, mpaka nguvu yake inapunguka. Kisha kuko vidonge fulani vyenye vilikwisha kupimwa.

Sasa kwa nini wanajeshi wenyewe wanaililia? Ukiwasikiliza, wengi hawasemi "inaniponya." Wanasema: "Inanilalisha." Wanasema pia kwamba wamechoka na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, zenye zimeua watu wengi sana mu inchi ile. Mutu mwenye alipewa chupa nne za vidonge, akaona rafiki yake wa kikosi anakufa usingizini juu ya vidonge vile, hawezi kuelewa kwa nini vidonge vinakubaliwa na majani yanakatazwa. Na swali hili si la muchezo. Mwaka 2022 peke yake, wanajeshi wa zamani zaidi ya 6,000 walijiua ku Marekani. Hakuna utafiti umeonyesha kwamba bangi ingaliwaokoa. Lakini idadi hiyo njo inafanya watu wakose uvumilivu na serkali yenye inakataza kitu na, wakati huohuo, imechelewesha kukipima.

Bunge: kura zinapita, sheria haipiti

Usifikiri kwamba wenye kuomba jambo hili ni vijana wa mitaani. Chama kikubwa cha wanajeshi wa zamani, American Legion, chenye wazee wengi wa vita na watu wa mawazo ya zamani, kiliomba mwaka 2016 kwamba bangi itolewe mu orodha ya kwanza. Mwaka 2017 kiliuliza wanajeshi wa zamani na jamaa zao kwa simu: 92 kwa mia waliunga mukono utafiti juu ya bangi ya dawa.

Mu bunge, Earl Blumenauer, mubunge wa Oregon, alileta mara nyingi muswada wenye unasema jambo moja rahisi: muganga wa VA aweze kujaza fomu ya jimbo kama muganga mwengine yeyote. Haukusema VA itoe bangi. Haukusema VA ilipe. Mwezi wa tano 2016, baraza la wabunge lilikubali wazo hilo kwa kura 233 juu ya 189, na upande wa seneti pia walilikubali. Halafu wakati wa kuunganisha maandiko ya mabaraza mawili, mustari ule ulitolewa. Watu walienda kulala wakijua wameshinda, wakaamuka wakikuta hamuna kitu.

Kisha, mu mwezi wa tano 2024, wizara ya sheria ilipendekeza bangi ishushwe kutoka orodha ya kwanza mpaka ya tatu. Ni hatua kubwa kwa watafiti. Lakini kwa mwanajeshi wa zamani, usichanganye mambo: kushusha bangi mu orodha peke yake haiifanye kuwa dawa ya farmasi. Ili muganga aandike ordonansi ya kawaida, inafaa kitu chenyewe kiwe kimepimwa na kukubaliwa na FDA: kiasi fulani, nguvu fulani, chupa fulani. Dawa chache zenye kufanana na vitu vya ndani ya bangi zilikwisha kupita mulango huo. Majani yenyewe hayajapita.

Kanada ilichukua njia ingine

Mupaka wa kaskazini tu, mambo ni tofauti. Kanada iliruhusu bangi ya dawa kwa inchi nzima tangu 2001, na mu 2018 ikaruhusu hata bangi ya kawaida kwa watu wazima. Kule hakuna ugomvi wa sheria mbili. Na serkali inarudishia wanajeshi wa zamani feza zao za bangi ya dawa.

Lakini kutoa pia kuna magumu yake. Mu mwaka wa bajeti 2013-2014, wanajeshi wa zamani wenye kulipiwa walikuwa 112 tu. Miaka miwili kisha, walipita 1,700, na bei ilipanda kutoka chini ya nusu milioni mpaka karibu dola milioni 20. Kulikuwa ruhusa ya mpaka gramu 10 kwa siku. Mukaguzi mukuu wa feza za serkali aliuliza: gramu 10 hizo zinasimama juu ya ushahidi gani wa matunzo? Hakukuwa jibu la kutosha. Mu mwezi wa kumi na moja 2016, serkali ilitangaza kwamba italipia gramu 3 kwa siku, kwa bei isiyopita dola 8.50 kwa gramu, na mwenye anataka zaidi alete barua ya muganga mutaalamu. Wanajeshi wengi walikasirika. Walisema wamezoea kiasi kikubwa na sasa watarudi ku vidonge.

Kanada inatufundisha kwamba kufungua mulango wa sheria hakumalize maswali ya matunzo. Kiasi gani? Kwa ugonjwa gani? Nani anafuatilia? Hayo yanabaki. Lakini angalau yanajibiwa mbele ya muganga, si pembeni ya barabara.

Ndugu zetu kule: hapa mufungue masikio

Sasa tunafika kwa jambo lenye tunataka mutume kwa jamaa zenu. Jeshi la Marekani halipokee raia wa inchi ile tu. Mwenye karte ya kijani, ni kusema ruhusa ya kukaa kwa kudumu, anaweza kuingia. Kijana mwenye alifika kule kama mukimbizi, akasoma, akavaa uniforme, anaweza kutoka jeshini akiwa hajapata bado uraia.

Kwa mutu huyo, bangi ya dawa ni mutego. Uraia unatolewa na serkali kuu, si jimbo. Mu mwezi wa ine 2019, ofisi ya uhamiaji iliandika wazi kwamba kutumia ao kushika bangi, ao kufanya kazi ku duka la bangi, kunaweza kuonyesha kwamba mutu hana mwenendo muzuri wenye kuombwa kwa uraia, hata kama jimbo lake linaruhusu. Karte ya bangi mu mufuko wake haimukingi. Mbele ya afisa wa uhamiaji inaweza kuwa ushahidi wa kosa.

Na kuko zaidi. Mwenye karte ya kijani akihukumiwa juu ya bangi, anaweza kufukuzwa mu inchi. Mu sheria ya kufukuza watu, wanaachilia tu kosa moja la kushika kiasi kisichopita gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Miaka ya jeshi haifute jambo hilo.

Hata mwenye uraia aangalie kazi yake, nyumba yake na bunduki yake. Wakongomani wengi kule wanaendesha kamio kubwa: wizara ya usafirishaji inapima shofere, na ikikuta bangi, haikubali jibu la "muganga aliniruhusu." Nyumba zenye kulipiwa kwa musaada wa serkali kuu zinaweza kukukatalia kuingia juu ya bangi, hata ya dawa. Na ukitaka kununua bunduki, fomu ya serkali kuu inakuuliza kama unatumia bangi. Inakuonya kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishe kitu. Kusema uongo mu fomu ile ni kosa lenyewe.

Kwa hiyo, kama kaka ao dada yako alitumikia jeshi kule na anakuambia anataka kujaribu bangi ya dawa, usimufokee, wala usimuambie "ni halali, tumia tu." Muambie mambo matatu. Kama haujakuwa raia, ona avoka wa uhamiaji kwanza, mbele ya kusaini karatasi yoyote ya bangi. Kama unaitumia tayari, muambie muganga wako wa VA. Malipo yako hayatakatwa. Na kama shida ni kiwewe, omba matunzo ya mazungumuzo yenye VA inatoa, kwa sababu hayo yamepimwa na hayakugombanishe na sheria.

Na huku kwetu?

Sasa turudilie lile swali la kwanza. "Amerika wanauza, kwa nini huku wanatufunga?" Kwanza, umeona: hata Marekani haijakubali kwa mudomo mumoja. Pili, sheria ya Marekani haivuke bahari. Kongo inakataza bangi, na polisi wa Bukavu hatakuachilia kwa sababu ya kura ya California. Jirani zetu wa Rwanda walikubali mu mwezi wa kumi 2020 kulima bangi ya dawa ili kuiuzisha inchi za inje, kwa makampuni yenye leseni. Wengine walivumisha kwamba sasa Rwanda inaruhusu kuvuta. Hapana. Kuvuta kwa kawaida kungali kosa kule.

Tatu, na hili njo la maana zaidi kwa sisi: huku pia tuko na wanajeshi wa zamani, na vijana wenye walitoka mu vikundi vya silaha, na mama wenye waliona mambo yenye hayasemeki. Wamoja wanavuta bangi usiku ili wasiote ndoto. Tunawajua, ni watoto wa nyumba zetu. Bangi yao haina karte, haina muganga, haina mutu wa kuwauliza wanatumia kiasi gani. Kule kuko watu wenye kugombania haki ya kuzungumuza na muganga juu ya bangi. Huku wengi hawajawahi kuzungumuza na muganga juu ya ndoto zenyewe.

Mulango huo uko. Ku Bukavu kuko SOSAME, ku Goma kuko Tulizo Letu, vituo vyenye vinatunza magonjwa ya akili na kiwewe. Kwenda pale si aibu, na hakuna sheria inakataza. Kama kuko mutu nyumbani mwenye halale tangu arudi kutoka vitani, anzia pale.